Mwanamume wa Kipande cha Pili

Pale kwenye kona, kati ya saluni ya kinyozi na kibanda cha fundi viatu, kuna benchi la mbao lenye mguu mmoja mfupi. Ukikaa vibaya linanesa, na kahawa yote inahamia kwenye suruali ya jirani yako. Usije ukadhani wanaokaa hapo hawana kazi. Kazi wanazo, tena zinawasubiri hatua chache tu nyuma ya migongo yao, viatu vimepanga foleni na nywele zinazidi kuota. Ila watu wale ni wasomaji. Wanasoma kwa namna yao, na namna yenyewe ni hii: kitabu kimoja, watu wanne. Sasa nani atangoja mwenzake amalize? Fundi viatu, ambaye mtaa mzima unamwita Gundi, anachukua kisu chake cha kukatia soli, anakipasua kitabu mgongoni vipande vinne, na kila mmoja anakwenda na chake. Siku ya kukutana wanasimuliana, birika likiwa katikati, na birika likikauka mjadala umefungwa. Gundi anakusanya vipande, anavipaka gundi ya soli, anavibana chini ya jiwe, na asubuhi kitabu kimekuwa kitabu tena, ila kinanuka kiatu kipya. Wamemaliza riwaya nyingi kwa mtindo huo. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusoma kitabu kizima, na hilo halijawahi kumzuia yeyote kuwa na maoni.

Alasiri hiyo mwenye maoni mengi kuliko wote alikuwa kinyozi, Wembe. Huyu bwana huongea tangu anapofungua mlango wa saluni hadi anapoufunga. Ukikaa kwenye kiti chake, kabla hajakufunga shuka shingoni ameshaanza kukusimulia, na ukiinuka hujui kama ulikuja kunyolewa au kuhutubiwa. Akimaliza vichwa anahamia benchini, anaendelea pale alipoishia. Lakini leo maneno yake yalikuwa na uchungu. Wivu ulikuwa umemshika, tena wivu wa aina ambayo mwanamume anaona haya kuitamka. Alikuwa anamwonea wivu mtu wa kwenye kitabu.

Ilianza hivi. Mkewe ni mshonaji kwenye kiwanda cha sare, na msimamizi wake kazini, mama mmoja anayependa kusoma, akaanza kumwazima vitabu. Cha kwanza kilikuwa cha mpelelezi ambaye kila akipata ushahidi analia. Cha pili kilikuwa cha dada wawili waliogombea nyumba ya wageni mpaka wageni wakahama. Wembe hakusema neno, kitabu si bangi. Kilichomtibua ni hiki cha tatu. Ni ile hadithi ya zamani ya mhunzi, ambayo kila mtoto amelazwa nayo: Mfalme wa Mawingu alimchukua mke wa mhunzi, mhunzi akafua ngazi ya chuma, akapanda miaka saba, akamrudisha mkewe. Basi kuna mwandishi ameichukua hadithi hiyo, akaisimulia upya, ikawa kitabu kinene. Na mke wa Wembe akawa analala nacho. Anasoma, anacheka peke yake, anakilaza kifuani, anasema, "Ama kweli, mwanamume huyu!"

Wembe alimwuliza, "Yupi?"

Mkewe akamjibu, "Hutaelewa. Lala tu."

Hapo ndipo wivu ulipoingia nyumbani kwa Wembe, ukavua viatu, ukakaa. Mkewe aliposafiri kwenda kwa dada yake aliyejifungua, kitabu kilibaki chini ya mto. Wembe akakibeba chini ya koti mpaka kwa Gundi.

— Pasua, alimwambia.

— Hiki si cha shemeji? Gundi aliuliza. Anajua?

— Nimesema pasua. Nataka kumjua huyo mwanamume.

Kikapasuliwa. Mkewe alitarajiwa kesho mchana, kwa hiyo leo ilikuwa lazima wamalize, Gundi abandike, gundi ikauke, kitabu kilale chini ya mto wake kana kwamba hakijawahi kutoka nje. Birika lilikuwa limejaa. Walikuwa wanne kama kawaida: Wembe, Gundi, Bonge, ambaye ni mpagazi wa ghala la nafaka na akikaa benchi linajua, na Kalamu, karani mstaafu mwenye miwani iliyofungwa uzi.

— Haya, tuanze kwa utaratibu, alisema Kalamu, maana utaratibu ndio kitu pekee alichobaki nacho tangu astaafu. Kipande cha kwanza. Bonge.

Bonge alikohoa.

— Mimi kurasa za mwanzo nimeziruka, kama kawaida yangu.

— Lakini kwa nini unaziruka kila kitabu? Gundi aliuliza.

— Huko si wanaeleza hali ya hewa? Jua linazama, ndege wanaimba, mtu kakaa dirishani anawaza. Mimi nangoja mtu anyanyue kitu. Sasa hapa mhunzi kanyanyua nyundo, jamani! Nyundo mbili, mkono huu moja, mkono huu moja. Jasho linamtiririka. Mwandishi ameueleza mgongo wake ukurasa mzima na nusu.

— Ukurasa mzima? Wembe aliuliza.

— Na nusu. Ndiyo maana nasema, usihangaike na mfalme. Shemeji anamhemea mhunzi. Mwanamke akishaona mgongo wa namna ile, kisha akageuka kitandani akakuona wewe na hiyo mikono yako ya kushika mkasi...

— Mkasi unahitaji mikono gani? Wembe alifoka. Nibebe gunia ndiyo niweze kukata ndevu?

— Mimi nasema tu nilichosoma.

— Hujasoma, umeruka!

Gundi alicheka hadi benchi likanesa, na kahawa ya Kalamu ikamfikia gotini. Wembe hakucheka. Kipande chake, cha pili, alikuwa amekikunja mara mbili na kukitia kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo. Alikuwa amekisoma zaidi ya mara moja, tena akiwa amesimama, kwa sababu hasira zilimkataza kukaa.

— Mhunzi hana neno, alisema. Nyie hamjamwona wa kwangu. Kipande changu mwanamke yuko juu mawinguni tayari. Mnajua huyo Mfalme wa Mawingu anamfanya nini?

— Anamfungia chumbani, alisema Bonge. Ndivyo bibi alivyotuhadithia. Analia mpaka mvua inanyesha.

— Wapi! Anamchana nywele.

Bonge akajisogeza mbele.

— Anamchana nywele? Gundi aliuliza polepole.

— Jioni. Mawingu yakishatulia, bwana mkubwa anakaa nyuma yake, anachukua kichana, anamchana. Halafu anamwuliza: "Leo umeona nini?"

— Halafu?

— Halafu ananyamaza! Anangoja ajibiwe! Ukurasa mzima, mtu mzima, mfalme mzima, amekaa na kichana mkononi anangoja mwanamke afikirie alichokiona leo! Kuna mfalme wa hivyo?

— Huyo si mfalme, alisema Gundi. Huyo ni tapeli.

— Tena kazi yenyewe haijui! Wembe alikuwa amesimama sasa. Anaanzia utosini, anashuka. Nywele ndefu zina mafundo, unaanzia nchani, unapanda kidogo kidogo, kila mtu anajua. Yeye anaanzia utosini na mwanamke hasemi hata "ai"! Nimeshika vichwa maisha yangu yote, sijaona kichwa kisichosema "ai." Mwandishi ametudanganya.

— Na wewe shemeji unamchana? Bonge aliuliza.

Swali lilimkuta Wembe ana funda la kahawa, akalimeza kwa shida.

— Mimi nashika vichwa kutwa nzima. Nikifika nyumbani nishike kingine?

— Nimeuliza tu.

— Nikifika nyumbani nimechoka. Naoga, nakula, nalala. Mnyama gani anafika nyumbani akaanza kuuliza watu wameona nini?

Kalamu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Akifanya hivyo ujue hotuba inakuja.

— Mimi nilishasema, siku hizi ndio mtindo. Wanachukua hadithi ya bibi yako, wanaigeuza nje ndani kama soksi. Zamani zimwi lilikuwa zimwi, unalikimbia, unalala. Sasa zimwi lina huzuni. Jini limeonewa. Fisi alilelewa vibaya.

— Kama lile joka la vichwa saba tulilosoma wiki iliyopita, alisema Gundi. Kumbe vichwa vyote saba vilikuwa vinataka shule!

— Mimi pale kichwa cha sita kilipofukuzwa nililia, alisema Bonge.

— Ulilia bure, alisema Gundi. Kilirudi kwenye kipande changu, tena kikawa mwalimu.

— Sasa mbona hukuniambia? Nimekaa na huzuni wiki nzima!

— Turudini kwa mke wangu, alisema Wembe.

— Kwa mke wa mhunzi, Kalamu alimrekebisha.

— Kwa huyo huyo.

Gundi akajisogeza. Yeye ni mtu wa maneno machache, lakini anajua kuyaweka mahali yatakapouma. Akatoa kipande chake cha tatu, ambacho alikuwa amekitumia kutenganishia soli mbili mbichi.

— Nyote mmepotea njia. Mhunzi yuko ngazini, miguu inatetemeka, hana habari na mtu. Mfalme yuko mbali, hata kama anachana nywele, ni wa mawinguni. Hebu niulizeni mimi. Ngazi ile, chini, nani ameishika?

— Nani? waliuliza wote.

— Jirani. Jirani wa mhunzi ameshika ngazi miaka saba. Haombi maji, hakuni pua. Kimya tu, ameshika. Mtu anashika ngazi ya mwenzake miaka saba kwa upendo wa ngazi?

— Lo! alisema Bonge.

— Huyo ndiye wa kuogopwa. Anayejitolea. Anayekuwepo. Gundi alinywa kahawa kidogo, akamtazama Wembe juu ya ukingo wa kikombe. Mwaka jana mlipopaka nyumba rangi, shemeji alipopanda kupaka kule juu ya mlango, nani alimshikia ngazi?

Wembe alifikiri. Kisha akageuka taratibu upande wa Bonge, na Bonge akaanza kutazama viatu vyake.

— Wewe, alisema Wembe.

— Ulinituma mwenyewe! Uliniambia, "Bonge, nenda kashike ngazi, mimi namaliza hili neno moja naja." Ulikuwa umekaa hapo hapo unabishana habari za kitabu kingine. Jua likazama hukuja.

— Ukakaa huko hadi jua likazama?

— Ngazi ningemwachia nani?

— Na ukapewa kitu?

— Juisi.

— Juisi! Wembe aliwageukia wengine kama mtu anayeita mashahidi. Mimi nimepaka jikoni kote peke yangu, sikupewa hata maji ya bomba!

— Labda hukuongea naye, alisema Bonge kwa upole.

— Na nyie mliongea nini?

— Ya kawaida tu. Aliniuliza kama mgongo unaniuma, nikamwambia unauma. Nikamwuliza kazini vipi, akaniambia wamebadilishiwa cherehani, hizi mpya zinakimbia sana, kidole kimeshonwa mara mbili.

Wembe alikaa chini. Hakuwa na habari za cherehani mpya. Plasta alikuwa ameiona kwenye kidole cha mkewe, akadhani ni kisu cha jikoni, na alikuwa ameiona muda mrefu. Ile plasta sasa ilimwuma kuliko mfalme na kichana chake. Alimtazama Bonge, rafiki yake wa tangu ujana, mikono ile mikubwa imelala magotini, akamchukia kwa moyo wake wote kwa muda wa pumzi mbili tatu.

— Juisi ya nini? aliuliza.

— Ya embe. Kwani inabadilisha kitu?

— Mimi napenda ya embe!

— Jamani, utaratibu, alisema Kalamu. Bado kipande cha nne, na mimi nimegundua jambo ambalo likitoka hapa benchini tutaitwa kuhojiwa.

Wakamsogelea. Birika lilikuwa limefika nusu na jua lilikuwa limeingia chini ya paa la kibanda, likiwapiga magotini.

— Katika kipande changu, Kalamu alinong'ona, mfalme hayumo. Hatajwi. Hakuna kichana, hakuna kiti, hakuna hata unywele. Nimetafuta kwa kidole, mstari kwa mstari. Hayupo.

— Amekufa? aliuliza Bonge kwa matumaini.

— Hakuwahi kuwepo. Nilipomsikia Wembe hapa nimeunganisha. Mwanamke amemtunga! Kakaa peke yake huko juu, kajitungia mfalme wa kumchana nywele. Sasa jiulizeni. Anayemfundisha mwanamke kutunga mfalme ni nani? Mwandishi! Na kitabu hiki kimetoka wapi? Kwa msimamizi wa kiwanda. Kabla ya shemeji kilikuwa kwa nani? Kwa mshonaji mwingine. Baada yake kitakwenda kwa nani?

— Kwa mwingine, alisema Gundi.

— Kiwanda kizima! Wanawake wangapi wale, na cherehani mpya zinazokimbia! Mnadhani zinakimbilia nini? Kalamu aliinua kidole. Ngazi inashonwa, jamani. Ya kitambaa. Kila mmoja anashona daraja lake moja, analificha ndani ya mikunjo ya sare. Siku wakiziunganisha mtakuta nyumba ziko tupu, na ngazi inaning'inia hapo juu.

Bonge aliangalia juu. Kulikuwa na wingu moja, dogo, halina dalili ya kitu chochote, lakini aliliangalia kwa muda mrefu.

— Wangu hajui kushona, alisema hatimaye. Mnadhani watambeba?

— Kalamu, alisema Wembe, na sauti yake haikuwa ya ubishi tena. Niambie mwisho. Wewe ndiye una mwisho. Anarudi?

— Nani?

— Mwanamke. Anarudi kwa mumewe? Anashuka naye?

Hapa hata Gundi aliweka kikombe chini. Kalamu alifungua kipande chake kwenye ukurasa wa mwisho kabisa, ambao pembe yake ilikuwa imeliwa na kisu.

— Hapo ndipo nilipokasirika, alisema. Mhunzi anafika juu. Mikono imechubuka, ndevu zimefika kiunoni. Anagonga mlango wa mawingu. Mke anafungua. Mhunzi anasema, "Nimekuja." Mke anasimama mlangoni, hatoki, hamwambii aingie. Anamwambia, "Sema."

— Halafu?

— Halafu kitabu kinaisha.

— Kinaishaje hapo? Bonge aliuliza. Mtu kapanda miaka saba!

— Kinaisha. Karatasi nyeupe.

— Aseme nini? Wembe aliuliza.

— Hakuandika.

— Huyo mwandishi ni mwizi, alisema Gundi. Kitabu kinene hivi, unanyimwa neno la mwisho. Ni kama kununua kiatu kisicho na kamba.

— Aseme nini? Wembe alirudia, lakini sasa alikuwa hamwulizi mtu.

Ndipo kivuli kilipowaangukia magotini. Wakainua macho. Mke wa Wembe alikuwa amesimama pale na begi la safari begani, vumbi la barabarani limemfika hadi kwenye nyusi, kitambaa cha kichwani kimelegea. Alikuwa amerudi leo, si kesho, maana mzazi alikuwa na nguvu zake na nyumba ya dada ilikuwa imejaa mashangazi.

— Hamjambo, mashemeji.

— Hatujambo, shemeji, waliitikia kwa pamoja, kwa sauti za watu wenye jambo kubwa.

Bonge alikalia kipande chake. Gundi alikitumbukiza cha kwake ndani ya buti la mteja. Kalamu alikishika cha nne akaanza kujipepea, kana kwamba miaka yote amekuwa akijipepea kwa kurasa za mwisho. Aliyebaki ni Wembe, na kipande cha pili kilikuwa kimetokeza mfukoni mwake, kile kipande cha kichana, na mkewe alikisoma kichwa cha ukurasa akiwa amesimama tu pale.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alimtazama mumewe, akatazama paja la Bonge na karatasi inayochungulia chini yake, akatazama buti, akatazama pepeo la Kalamu. Kisha akashusha begi chini, akakaa kwenye benchi, mwisho kabisa, kwenye ule upande wa mguu mfupi. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kukaa pale. Benchi likanesa, na wanaume wanne wakashika vikombe.

— Mmekisoma? aliuliza.

— Chote, alisema Bonge kwa haraka.

— Vizuri. Basi mimi nina swali moja tu, nyie ni wasomaji wa siku nyingi. Mke wa mhunzi aliondoka nyumbani kwa nini?

Wakatazamana.

— Si alichukuliwa na mfalme? alisema Bonge.

— Hiyo ni ya bibi. Kwenye hiki aliondoka mwenyewe, kwa miguu yake, na mlango akaufunga nyuma yake. Nauliza kwa nini.

Gundi alijikuna shingo. Kipande chake kilianza ngazi ikiwa imeshasimamishwa. Kalamu aliacha kujipepea, akarudi ukurasa wa kwanza wa kipande cha mwisho kana kwamba jibu lingekuwa limehamia huko. Wembe alijua rangi ya kichana cha mfalme, alijua pozi alilokaa na alivyoanzia utosini, lakini kipande chake kilimkuta mwanamke yuko juu tayari, na katika kukisoma kote kule amesimama hakuwahi kujiuliza amefikaje. Wote watatu wakamgeukia Bonge. Uso wa Bonge ulikuwa umelowa jasho kama wa mhunzi.

— Mimi, alisema, zile za mwanzo...

Kalamu aliinamisha birika kwenye kikombe chake ili kupata cha kufanya. Lilitoa tone moja, halafu likatoa mashapo ya kahawa. Kwa sheria ya benchi mjadala ulikuwa umefungwa, lakini hakuna aliyethubutu kutamka.

Mke wa Wembe aliinuka. Alikitoa kipande cha tatu kwenye buti, akachukua cha nne mkononi kwa Kalamu, akachomoa cha pili kwenye mfuko wa shati la mumewe, polepole, kama anayemtoa mumewe mwiba. Akavipanga sawasawa, akampa Gundi.

— Hivi ubandike, shemeji. Kitabu ni cha watu.

— Nitabandika leo leo, alisema Gundi, akitazama chini.

Kisha mwanamke akamnyooshea Bonge mkono. Bonge akajiinua upande mmoja, akatoa kipande cha kwanza kikiwa kimepata joto. Mwanamke alikiweka kwenye magoti ya Wembe.

— Hiki asikibandike kwanza, alisema.

Akaokota begi lake, akakata kona kuelekea nyumbani. Alitembea mwendo wa mtu aliyechoka na safari, bila kugeuka nyuma, na Wembe alimwangalia mpaka kitambaa cha kichwani kilipopotea nyuma ya ukuta.

— Haya, soma, alisema Kalamu.

Wembe akafungua. Hakukuwa na jua linalozama wala ndege. Kulikuwa na kiwanda cha mhunzi, na watu wamejaa mlangoni, kwa sababu mhunzi huyo alikuwa mwongeaji ambaye hana mfano. Alichekesha wapita njia, alisuluhisha wenye ugomvi, alijua habari ya kila mtu aliyemletea jembe. Jioni alifika nyumbani, mkewe akamfungulia mlango, na mhunzi akasema, "Nimechoka." Akaoga, akala, akalala. Ilikuwa hivyo kila siku, na mwandishi ameandika kwamba mke alihesabu maneno yote aliyoletewa nyumbani tangu mavuno, akakuta ni lile moja. Maneno mengine yote yalikuwa yameisha kiwandani.

Wembe alisoma ukurasa huo mpaka chini, akarudi juu, akausoma tena. Wivu ukamtoka ghafla, na mahali pake ikaingia aibu, ikamchoma masikio. Sasa alimjua mwanamume ambaye mkewe alikuwa akimcheka kitandani, kitabu kimemlalia kifuani. Hakuwa mfalme. Huyo mwanamume alikuwa amelala pembeni yake, ameshageukia ukutani.

— Imeandikwa nini? Bonge aliuliza. Ni hali ya hewa?

Wembe alisimama. Aliingia saluni, wakamsikia anavuta droo, akatoka na kichana kile kikubwa chenye meno mapana, anakifutia kwenye suruali. Akafunga mlango wa saluni kwa ufunguo, na jua lilikuwa bado lipo.

— Unakwenda wapi? alisema Gundi. Bado hatujamjadili!

— Kwa nini aliondoka? Kalamu alipiga kelele. Wembe! Sema basi!

Wembe akageuka. Alikuwa na mengi. Yalikuwa yamemjaa hadi kooni, habari za mhunzi, za plasta ya kidoleni, za cherehani mpya ambazo alitaka kuulizia zinakimbia vipi, na benchi zima lilikuwa limemwelekea kama lilivyomwelekea siku zote. Akafungua mdomo. Halafu akaufunga, akashika njia ya nyumbani, tena haraka haraka, yasije yakaishia njiani.